Bapa la Mpungate Lina Nini Ndani? Jibu kwa Msomaji wa Moroto

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mke wa askari, tuko Moroto, huku Karamoja, tangu mwaka juzi. Nyuma ya nyumba yetu kuna uzio wa kaktusi, ile yenye mabapa ya kijani yaliyobebana moja juu ya jingine. Kwenye simu nimeona watu wa Mexico wakiyapika kama mboga, na mmoja akadai yana kalsiamu kuliko maziwa, tena eti yanaponya sukari. Mama mkwe ninayeishi naye ana sukari na anameza dawa. Nina watoto wawili, mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Kiangazi kikikaza huku dodo, yaani mchicha, haionekani sokoni, na ikionekana bei haishikiki. Je, hayo mabapa yana lishe kweli? Na nikitaka kuwapikia watu wangu, nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, kabla hatujafika kwenye kalsiamu, chukua kisu uende kwanza kwenye huo uzio. Uganda hii, kuanzia Kasese mpaka Karamoja, watu huita kaktusi kila mmea mnene wenye miiba na usio na majani ya kawaida, na mingi kati ya hiyo si kaktusi hata kidogo. Ule mti mkubwa wenye matawi manene yaliyoinuka kwa pamoja kuelekea juu, ambao Waganda huuita enkukuulu, ni wa jamii ya yuforbia. Na ile ya vijiti laini vya kijani inayopandwa kuzunguka boma, enkoni kwa Luganda au mnyaa kwa Kiswahili, ni ndugu yake. Utomvu wao mweupe ni sumu. Ukiingia jichoni unachoma na unaweza kupofusha, na ukimezwa unaunguza kinywa, koo na tumbo. Hakuna mapishi yanayoufanya uwe mboga.

Kwa hiyo kata kipande kidogo, uso ukiwa mbali. Yakitoka maziwa meupe, habari imeishia hapo: osha kisu na mikono kwa sabuni, na kama tone limeruka jichoni osha kwa maji mengi kwa dakika nyingi kisha nenda hospitali. Ukitoka ute usio na rangi, wa kuvutika kama wa bamia, hiyo ni dalili njema ya kwanza. Ya pili ni miiba. Ya yuforbia hukaa miwili miwili kwenye kingo za shina. Mpungate, ile kaktusi ya mabapa yanayoliwa, una vidoa vilivyotawanyika kwenye uso mzima wa bapa, na kila kidoa kina kishada cha vimiiba vidogo kama manyoya, hata kama miiba mirefu haipo. Dalili zote mbili zikubaliane. Ikipungua moja, mpelekee afisa kilimo wa wilaya bapa moja alitazame kabla halijaingia jikoni.

Kwa jinsi ulivyoeleza, mabapa yaliyobebana, nadhani mmea wako ni mpungate. Ule unaoliwa zaidi duniani wataalamu wanauita Opuntia ficus-indica, na kwao ni Mexico. Wenyeji wa kule wameula kwa maelfu ya miaka, wameuchora kwenye bendera yao, na pale Milpa Alta, kusini mwa jiji la Mexico, wakulima wanaulima mashamba kwa mashamba kwa ajili ya soko la mboga. Kinacholiwa si jani, ingawa kila mtu anaita jani. Ni shina lililotandazwa. Majani yake ya kweli ni vijipembe vidogo vinavyotokea kwenye bapa changa na kudondoka baada ya muda mfupi. Shika hilo, litakusaidia wakati wa kuvuna.

Sasa hesabu yenyewe. Natumia jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa sababu wao wamelipima bapa changa kama mboga inayouzwa dukani, si kama lishe ya mifugo. Katika gramu 100 za bapa bichi, gramu 94 ni maji. Zinabaki gramu 6 tu za kugawana kila kitu kingine. Wanga ni gramu 3.3, na humo ndani nyuzinyuzi ni 2.2 na sukari ni kama 1. Protini ni gramu 1.3. Mafuta hayafiki hata gramu 0.1. Kinachobaki, gramu moja na kidogo, ni madini. Nguvu yote ya gramu 100 ni kalori 16. Gramu 100 za unga wa mahindi, kabla hujausonga kuwa posho, zina karibu kalori 360.

Nimeanza na maji na kalori makusudi. Wanaosifu mpungate huanza na vitamini, na msikilizaji anabaki akidhani hiki ni chakula cha kumsimamisha mtu. Ni mboga, na ni mboga ya maji. Tukikubaliana hapo tunaweza kuisifu kwa haki.

Sifa yake ni madini. Gramu zile zile 100 zina miligramu 164 za kalsiamu, 257 za potasiamu, 52 za magnesiamu, 16 za fosforasi na 0.6 za chuma. Magnesiamu ndiyo inayonifurahisha mimi, ingawa hakuna anayeitaja kwenye video. Mtu mzima anahitaji kati ya miligramu 300 na 400 na kitu kwa siku, na hapa anapata 52 kwa kalori 16 tu. Vitamini ni za wastani: vitamini C miligramu 9, vitamini A mikrogramu 23, vitamini K mikrogramu 5, na foleti mikrogramu 3, ambayo ni kama hakuna. Mama mjamzito asitegemee foleti ya hapa hata kidogo.

Turudi kwenye madai ya kalsiamu kuliko maziwa. Kwa tarakimu, aliyesema hakudanganya. Maziwa ya ng'ombe yana kama miligramu 115 kwa gramu 100, na bapa lina 164. Tatizo ni kwamba mwili hauli tarakimu. Mpungate hunyonya kalsiamu nyingi kutoka ardhini, na ile ya ziada huifunga pamoja na asidi iitwayo oksalati, ikawa fuwele ngumu ndogo sana zilizojaa ndani ya bapa. Ukiweka kipande chembamba chini ya hadubini unaziona kama nyota za kioo. Fuwele hizo haziyeyuki kirahisi tumboni. Zinapita na kutoka kama zilivyoingia, kalsiamu ikiwa imefungwa humo humo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha kazi juu ya jambo hili hili, wakaonyesha kwamba ni oksalati inayopunguza kalsiamu ambayo mwili ungeweza kuipata kwenye bapa la mpungate.

Ili uone ukubwa wa jambo, angalia vyakula viwili vilivyopimwa kwa watu. Kalsiamu ya maziwa hunyonywa karibu 30%. Ya spinachi, mboga nyingine iliyojaa oksalati, hunyonywa karibu 5% tu. Mpungate uko upande wa spinachi, si upande wa maziwa. Kwa hiyo kama lengo lako ni mifupa na meno ya watoto, pesa yako iende kwenye maziwa na kwenye mukene, wale dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na sukuma wiki pia, ambayo ina oksalati kidogo na kalsiamu yake hunyonywa vizuri. Hapo Moroto maziwa si kitu kigeni, wenyeji wako wameishi kwayo tangu enzi.

Utakutana pia na watu wanaouza unga wa mpungate, na hapo hesabu hupindishwa kwa ujanja mkubwa zaidi. Ukikausha gramu 100 za bapa, maji yote yakaondoka, unabaki na gramu 6 za unga. Kalsiamu yote 164 imo kwenye gramu hizo 6. Muuzaji akipima kwa gramu 100 za unga anapata kalsiamu zaidi ya miligramu 2,700, anaiandika kwa herufi kubwa kwenye kopo, na kila neno ni kweli. Ila nani anakula gramu 100 za unga wa mpungate? Anayefuata maelekezo anakula kijiko, na kijiko hicho ni bapa moja changa lililokauka, lenye oksalati ile ile. Wewe mabapa unayo uani bure. Usinunue kopo.

Nikuwekee dodo pembeni sasa, kwa kuwa ndiyo uliyoitaja. Gramu 100 za dodo mbichi zina kalsiamu miligramu 215, chuma miligramu 2.3, vitamini C miligramu 43, vitamini A mikrogramu 146 na protini gramu 2.5. Magnesiamu ni 55, karibu sawa na ya mpungate. Dodo nayo ina oksalati, tusiipendelee, lakini hata hivyo inaupita mpungate karibu kila mahali, na kwenye chuma inaupita mara nne. Mwenye dodo shambani hana sababu ya kuhangaika na miiba.

Lakini wewe umeniambia dodo haionekani wakati wa kiangazi, na hapo ndipo mpungate unapopata thamani yake. Mimea mingi hufungua vitundu vyake mchana ili ivute hewa, na kila vikifunguka maji yanapotea juani. Mpungate hufungua vyake usiku, wakati kumepoa, ukavuta hewa na kuihifadhi kama asidi ya maliki, ile ile iliyomo kwenye tufaha. Jua likitoka unafunga vitundu na kutumia akiba ya usiku. Ndiyo maana uzio wako unabaki kijani wakati bustani za jirani zimekuwa vumbi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwaka 2017 kitabu kizima kuhusu kilimo na matumizi ya mpungate, likikumbusha jinsi ulivyowasaidia watu na mifugo kusini mwa Madagascar katika ukame wa 2015. Jirani zetu wa Tigray, Ethiopia, nao wamekuwa nao tangu karne ya 19, ila wao hupenda zaidi matunda kuliko mabapa.

Kwa hiyo, dada, usiupime kwa kuuliza kama unashinda dodo ya mwezi wa sita. Uliza kama unashinda sahani isiyo na mboga yoyote mwezi wa pili. Hapo jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Na hata hapo usiache kuwauliza akina mama wa Kikaramoja ulio nao jirani wanakula nini kiangazi. Majani machanga ya mti wa ekorete, kwa mfano, yameliwa huko tangu zamani, na wao wanajua mti upi na wakati upi.

Tuje kwa mama mkwe. Kati ya ile gramu 2.2 ya nyuzinyuzi, sehemu ni ule ute. Ute ni wanga mrefu ambao matumbo yetu hayawezi kuuvunja. Ukikutana na maji tumboni unavimba na kuwa mzito, chakula kinachelewa kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo, na sukari itokanayo na posho au viazi inaingia kwenye damu polepole badala ya kumiminika kwa mkupuo. Huko Mexico wamelijaribu hili kwa wagonjwa wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walipewa kifungua kinywa chao cha kawaida, siku nyingine peke yake na siku nyingine pamoja na gramu 85 za mpungate. Kupanda kwa sukari baada ya kula kulipungua kwa kati ya 20% na 48%, kutegemea chakula chenyewe. Utafiti mwingine wa 2014 ulitumia gramu 300 za mpungate uliopikwa kwa mvuke pamoja na kifungua kinywa chenye wanga mwingi, ukaona mwelekeo huo huo.

Zilikuwa tafiti ndogo, za wagonjwa wachache, na zilipima saa chache baada ya mlo. Hazikuonyesha mtu kupona. Ninachokubali ni kwamba bapa likiliwa pamoja na posho, si saa tatu baadaye na si peke yake asubuhi kama dawa, linaweza kupunguza kishindo cha ule mlo. Anayesema linaponya sukari anasema jambo ambalo hakuna aliyelipima. Mama mkwe asiache kidonge hata kimoja kwa ajili ya mboga.

Kuna hatari nyingine inayotoka upande wa pili, na hii hawaisemi kabisa. Kama anameza glibenklamidi, au dawa nyingine inayoulazimisha mwili kutoa insulini, na wewe ukaanza kumpa mpungate mwingi kila siku, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Imeripotiwa kwenye jarida la kitabibu kule Marekani, mgonjwa aliyekuwa akitumia mpungate pamoja na dawa za sukari. Dalili unazijua pengine: kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, kusema maneno yasiyoeleweka. Kwa metformini, dawa nyingine ya sukari, ikiwa peke yake hatari hiyo ni ndogo. Kwa hiyo mpeleke kliniki, mweleze muuguzi kwamba mnataka kuanza mboga hii, mpimwe sukari kabla na katika wiki za mwanzo. Dawa na ute visiingie tumboni kwa wakati mmoja, maana ute huweza kuchelewesha dawa kama unavyochelewesha chakula. Wakati mko huko, waombe wamwangalie na figo. Aliyeishi na sukari miaka mingi huweza kuwa na figo zilizochoka bila kujua, na mtu aliyeambiwa apunguze potasiamu, au aliyewahi kupata mawe ya figo, hafai kuifanya hii kuwa mboga ya kila siku.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni habari tofauti kabisa. Tumbo lake ni dogo, na kila kijiko kinachoingia kiwe kimebeba kitu. Bapa zima la gramu 100 litamjaza maji na ute na kumpa kalori 16. Kijiko kimoja cha chakula cha karanga za kusaga kina kalori kama 90. Huko Karamoja, ambako miezi kabla ya mavuno huwa migumu kwa watoto, naogopa sana kusikia mboga hii ikitangazwa kama chakula cha njaa. Mpe vijiko viwili vya bapa lililopikwa na kupondwa ndani ya maharage au mchuzi wa mukene wenye simsim au karanga, basi. Siku akiharisha usimpe. Mkubwa anaweza kula kama mnavyokula ninyi, lakini naye posho na maharage vitangulie. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina protini kama gramu 9, bapa lina 1.3, na hakuna mapishi yatakayobadilisha hesabu hiyo.

Kuvuna sasa. Chagua bapa changa, lenye urefu wa kiganja pamoja na vidole, kama sentimita 15 hadi 20, la kijani kinachong'aa, ambalo bado lina vile vijipembe nilivyokutajia. Hilo huwa na uzito wa karibu gramu 100, kwa hiyo hesabu zangu zote hapo juu unaweza kuzisoma kama hesabu za bapa moja. Likikomaa linakuwa na nyuzi ngumu kama kamba, na hapo ni la ng'ombe. Acha mabapa ya chini yanayobeba mmea, kata ya juu kabisa, pale yanapoungana.

Saa ya kukata ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa kuwa mmea hukusanya asidi usiku, bapa la alfajiri ni chachu kweli kweli, na la alasiri ni pole. Madini hayabadiliki kwa hilo, ni ladha tu. Mimi hupendelea la mchana. Lakini aliyezoea mboga za ukwaju anaweza kulipenda la asubuhi, na hakuna kosa.

Vimiiba vile vya manyoya ndivyo adui wa mpishi. Ni vidogo, vina ndoana, na vikiingia kwenye ngozi vinakera siku nzima, vikiingia kwenye koo la mtoto ni shida kubwa. Watoto wawe mbali. Shika bapa kwa koleo au kwa kipande cha gunia lililokunjwa. Lipitishe juu ya moto wa sigiri, pande zote, mpaka manyoya yaungue na vidoa vigeuke rangi. Kisha lilaze kwenye ubao, ukwangue kwa kisu kilicholazwa, kutoka ncha kwenda shina, uondoe ukingo wote kuzunguka na sehemu ngumu ya chini. Osha kwa maji mengi, pitisha macho tena kwenye mwanga. Vikikuingia kidoleni bandika selotepu uivute, itatoka navyo. Kama uzio wako ni wa aina yenye miiba mirefu mingi, sema kweli na nafsi yako kama kazi hiyo inalingana na kalori 16.

Jikoni kuna njia mbili, na zinatoa vyakula viwili tofauti. Ya kwanza: kata vipande vyembamba, chemsha kwa maji yenye chumvi na kitunguu kwa dakika 10 hadi 15, usifunike sana maana povu litamwagika, kisha mwaga maji na suuza. Hapo ute mwingi umeondoka, na pia ile oksalati iliyokuwa imeyeyuka, ambayo ndiyo inayoweza kuwasumbua wenye mawe ya figo kuliko ile iliyofungwa kwenye fuwele. Ni njia nzuri kwa wanaochukia mlenda na kwa watoto. Hasara yake ni kwamba umemwaga pia kitu ambacho mama mkwe anakihitaji.

Kwake yeye tumia njia ya pili, mvuke. Ukipata majani ya migomba, funga vipande na nyanya, kitunguu na karanga kama unavyofunga luwombo, na ute wote utabaki ndani. Au vitie kwenye karai kavu bila maji, moto wa wastani, ute utoke wenyewe na kukaukia kwenye vipande. Kwa siku za mwanzo bapa moja linatosha, akila pamoja na posho yake. Tumbo likimlegea, mpunguzie.

Rangi itabadilika kutoka kijani cha kung'aa kuwa kijani cha zeituni. Ni ile asidi inayofanya hivyo, usihangaike. Wengi hapo ndipo hukimbilia magadi au maji ya majivu ili mboga ibaki kijani na ilainike haraka. Usiweke. Vitamini C ni kidogo tangu mwanzo, kwenye bapa lililopikwa inabaki kama miligramu 5 kwa gramu 100, na magadi yataiharibu zaidi. Badala yake kamulia ndimu ukishaepua, au weka nyanya mbichi zilizokatwa. Hiyo itasaidia pia chuma cha maharage kunyonywa, mradi chai ya majani isubiri saa moja hivi baada ya kula.

Mkila matunda yake, msimu ukifika, yakwanguliwe manyoya vile vile. Yana sukari zaidi, wanga gramu 9 na nusu kwa 100, kwa hiyo mama mkwe ale moja si sahani. Watoto wasimeze mbegu nyingi kwa mkupuo, maana mbegu hizo ngumu zimewahi kuziba njia ya choo kwa watu waliozila nyingi.

Ng'ombe na mbuzi wanaweza kupewa mabapa makubwa yaliyounguzwa miiba, pamoja na nyasi kavu. Wakipewa hayo tu wataharisha, kwa sababu ile ile ya maji na ute.

Na ukivutiwa ukataka kupanda zaidi, panda ile isiyo na miiba, karibu na nyumba, pale unapoiona. Kule Laikipia, Kenya, ndugu zake wenye miiba mingi wamevamia malisho kwa maelfu ya ekari, mbuzi wanaharibika vinywa kwa kula matunda, na wafugaji wanahangaika kuutoa. Kipande kimoja cha bapa kikianguka ardhini kinatoa mizizi chenyewe, hata bila mvua. Kwa hiyo makingo na mabaki yote unayokata jikoni usiyatupe nyuma ya uzio wala kwenye njia ya mbuzi. Yaache yakauke juani kwenye bati mpaka yasinyae kabisa, kisha yachome.